Udongo wa Mfinyanzi na Metali Nzito Kwenye Maji Taka ya Kiwanda: Dalili, Chanzo na Tiba

Malalamiko yanayotoka kwenye viwanda vidogo vya ngozi, karakana za kuchovya vyuma kwenye nikeli na kromu, na sehemu zinazoyeyusha betri chakavu hufanana sana. Udongo umetiwa, maji yamekorogwa, yameachwa yatulie, kisha karatasi ya maabara inarudi ikisema kromi au risasi ipo pale pale. Lawama zote huangukia udongo. Mara nyingi kosa liko kwenye maji: hayakupimwa uasidi, au metali iliyomo haiko katika hali ambayo udongo unaweza kuishika.

Ukielewa udongo unavyofanya kazi, nusu ya matatizo yaliyo hapa chini utayatambua mwenyewe. Chembe za mfinyanzi ni vipande vyembamba sana, chini ya maikromita 2, na nyuso zake zina chaji hasi. Juu ya nyuso hizo zimejishikiza ioni (chembe ndogo zenye chaji) za sodiamu, kalisi na magnesi. Maji yenye risasi, shaba, kadimi au zinki yakipita, metali hizo zenye chaji chanya huchukua nafasi ya sodiamu na kalisi. Ni kubadilishana nafasi, na nafasi zina idadi. Mfinyanzi wenye montimorilonaiti (madini ya udongo yanayovimba majini) kwa wingi, kama bentonaiti, una nafasi za miliekwivalenti (kipimo cha wingi wa chaji) 80 hadi 120 hivi kwa kila gramu 100. Kaolini, ule udongo mweupe kama wa milima ya Pugu kule Kisarawe, una 3 hadi 15 tu. Udongo mweusi wa mbuga, unaopasuka nyufa pana wakati wa kiangazi kwenye mashamba ya Usukuma na Mwea, una montimorilonaiti nyingi, ingawa umechanganyika na mchanga na mabaki ya mimea.

Kabla ya kutafuta kosa lolote, uwe na karatasi za pH (kipimo cha uasidi: chini ya 7 ni asidi) au mita iliyosawazishwa kwa maji ya kipimo cha pH 4 na 7, mizani ya gramu, na chupa sita za lita moja zinazopitisha mwanga. Vaa glovu, miwani na barakoa. Vumbi la udongo mkavu lina silika, na silika huharibu mapafu polepole bila mtu kujua.

Dalili ya kwanza: metali haipungui, au inapungua kidogo tu

Hii ndiyo inayoripotiwa kuliko zote, na chanzo chake cha kawaida ni uasidi. Maji yakiwa na pH ya 2 au 3, yamejaa ioni za haidrojeni, nazo hugombea nafasi zile zile na metali. Zinashinda kwa wingi wake. Maji ya betri ndiyo mabaya zaidi, kwa kuwa asidi ya salfuriki iliyomo inaweza hata kuanza kuuyeyusha udongo wenyewe na kuachia aluminiamu na chuma. Pima pH ya maji kabla ya kutia udongo, pima tena dakika 30 baadaye. Kwa risasi, shaba na kadimi, anza kujaribu kati ya 5.5 na 6.5. Ikiwa iko chini, ipandishe polepole kwa maji ya chokaa au soda (sodiamu kaboneti, siyo ile ya kunywa), ukikoroga na kupima kila mara.

Hapo kuna mtego upande wa pili. Fundi akishaambiwa asidi ni mbaya, humwaga chokaa mpaka pH inafika 12. Zinki, kromi na risasi huganda na kuzama pH inapopanda, lakini ikizidi sana huyeyuka tena na kurudi majini. Kromi ya ngozi huganda vizuri kati ya 7.5 na 8.5 hivi, zinki hutaka 9 hadi 10, nikeli hutaka zaidi ya 10. Kama maji yako yana metali mbili au tatu, hakuna pH moja inayozifaa zote, na ndiyo maana udongo una kazi: unaokota kilichobaki baada ya kugandisha. Mwishoni maji yanayotoka lazima yarudi kati ya 6.5 na 8.5, kipimo ambacho viwango vya Tanzania na kanuni za Kenya vinakitaka kwa maji yanayoachiliwa kwenye mazingira.

Chanzo cha pili kwa wingi ni kutia udongo mapema mno, maji yakiwa bado mazito. Fikiria maji ya pipa la kusindikia ngozi. Ngozi hainywi kromi yote iliyowekwa. Sehemu isiyo ndogo hubaki majini, na si ajabu kukuta miligramu 2,000 kwa lita. Piga hesabu. Miligramu 17.3 za kromi ya aina hiyo hujaza miliekwivalenti moja, kwa hiyo miligramu 2,000 zinahitaji karibu 116. Gramu moja ya bentonaiti nzuri ina 0.8 hivi. Utahitaji gramu 145 kwa kila lita, yaani kilo 145 kwa tangi la lita 1,000, tena ikiwa kila nafasi ingejazwa na kromi tupu, jambo ambalo halitokei. Hutapata maji safi. Utapata tangi la uji wenye sumu. Gandisha kwanza kwa magnesi oksaidi au chokaa, acha litulie, mwaga maji ya juu kwenye tangi lingine, ndipo ulete udongo.

Sasa chukua maji ya betri yaliyokwisha kugandishwa hivyo hivyo, yakiwa yamebaki na miligramu 10 za risasi kwa lita. Gramu moja ya bentonaiti ingeweza, kwa hesabu ya karatasi, kushika miligramu 83 za risasi. Mimi hukata mpaka moja ya tano, kwa sababu kalisi na chumvi zitachukua nafasi zao. Bado gramu moja kwa lita inatosha kuanzia. Ukitumia kaolini, hesabu ya karatasi ni miligramu 5 tu, ukikata moja ya tano inabaki 1, na utahitaji gramu 10 kwa lita. Usishangae basi jirani anayetumia udongo wa mbuga akipata matokeo ambayo wewe wa udongo mweupe huyaoni.

Njia ya kuhakikisha ni jaribio la chupa. Jaza chupa sita maji ya tangi yaliyokwisha kurekebishwa pH. Moja iache bila udongo. Nyingine tia gramu 1, 2, 5, 10 na 20. Tikisa kwa nusu saa, acha zitulie, peleka maji ya juu maabara. Chupa isiyo na udongo ndiyo muhimu kuliko zote na ndiyo watu huiruka. Ikiwa nayo metali imepungua, basi kilichofanya kazi ni chokaa uliyotia, na udongo unausifu bure.

Chanzo cha tatu kinawahusu hasa wanaochovya kromu. Kromi ya viwanda vya ngozi ni ya aina tatu-chanya, rangi yake kijani au buluu. Kromi ya beseni la kuchovya ni ya aina sita, njano hadi rangi ya chungwa, na majini hutembea kama kromati yenye chaji hasi. Udongo una chaji hasi. Viwili hivi vinasukumana, na hata utie gunia zima rangi ya njano itabaki. Kitu cha kuangalia ni rahisi: maji ya njano baada ya udongo ni ishara ya aina ya sita mpaka maabara iseme vinginevyo. Maabara ina kipimo kinachogeuka zambarau kwa aina hiyo.

Tiba yake ni kuibadilisha kwanza iwe aina ya tatu kwa feri salfati au sodiamu metabisalfaiti, kisha kupandisha pH. SIMAMA HAPA kama huna mkemia. Metabisalfaiti hutaka pH ya 2 hadi 3, na hapo hutoa gesi ya salfa inayobana kifua. Zaidi ya hayo, kromi ya aina ya sita husababisha saratani, hupenya kwenye ngozi iliyochubuka na kuacha vidonda visivyopona haraka. Kazi hii inahitaji mtu aliyefunzwa, tangi lenye mfuniko na hewa inayotolewa nje.

Vyanzo vinavyofuata hutokea kwa nadra kidogo. Chumvi ni kimojawapo. Ngozi mbichi huletwa zikiwa zimehifadhiwa kwa chumvi, na maji ya kuziloweka yakimwagwa kwenye tangi moja na maji ya kromi, sodiamu hujaza nafasi za udongo. Dawa si udongo zaidi. Kung'uta chumvi kavu kabla ya kuloweka, na tenga bomba la maji ya kuloweka. Kingine ni kemikali zinazofunga metali: amonia, sianidi na dawa kama EDTA hushika shaba na nikeli kwa nguvu kuliko udongo unavyoweza. Maji ya buluu nzito iliyokolea, yasiyogandishwa na chokaa hata pH ikiwa 9, yana amonia na shaba. Hapo udongo peke yake hautasaidia, mwite mkemia.

Mwisho kabisa angalia ukorogaji. Bentonaiti ikimwagwa yote kwa mkupuo hufanya madonge ambayo ndani ni makavu, kama uji uliokorogwa vibaya, na nusu ya udongo wako haigusi maji kamwe. Loweka udongo usiku kucha kwenye maji safi ya bomba au ya mvua, upate ujiuji laini, ndipo uutie tangini. Usiuloweke kwenye maji taka yenyewe. Chumvi yake huuzuia kuvimba.

Dalili ya pili: ulikuwa unafanya kazi, sasa umegoma

Anza na gunia. Udongo wa asili haufanani hata ndani ya shimo moja la machimbo. Mita chache chini au kando unaweza kukuta mchanga zaidi, chokaa zaidi au kaolini mahali palipokuwa na montimorilonaiti. Kila shehena mpya ipimwe kabla ya kumwagwa ghalani. Tia gramu 2 za unga mkavu, kidogo kidogo, kwenye silinda ya mililita 100 yenye maji safi, uache usiku kucha. Bentonaiti nzuri ya sodiamu huvimba na kufika mililita 24 au zaidi. Bentonaiti ya kalisi huvimba kidogo, kaolini karibu haivimbi. Andika kipimo hicho kwenye daftari pamoja na tarehe na jina la shimo. Dondosha pia siki au asidi hafifu juu ya udongo mkavu: ukitoa povu una chokaa ya asili ndani yake, na huo utapandisha pH bila wewe kutarajia.

Bentonaiti ya kalisi inaweza kuamshwa kwa soda. Changanya kilo 3 hadi 5 za soda kavu kwa kila kilo 100 za udongo wenye unyevunyevu, finyanga, acha siku chache. Afrika Mashariki tumebahatika, kwani ziwa Magadi lipo na soda ni rahisi kupatikana. Lakini tumia soda iliyosafishwa kiwandani. Magadi ghafi ya sokoni yana floraidi nyingi, na hutaki kuondoa risasi huku ukiongeza floraidi.

Kama gunia ni lile lile, angalia kilichobadilika juu ya bomba. Je, kuna dawa mpya ya kuoshea? Zamu ya usiku humwaga beseni zima kwa mara moja? Maji ya kisima yameanza kutumika badala ya ya bomba? Maji magumu yana kalisi, na kalisi hugombea nafasi kwa nguvu kuliko sodiamu. Ongea na wanaoshika koki kabla ya kuongea na muuza udongo. Wanajua kilichotokea saa nane usiku.

Na kwa wenye vichujio vya pipa au mnara: udongo umejaa. Nafasi zikiisha, metali hupita moja kwa moja, na pengine ile iliyokwisha kushikwa huanza kuachiliwa maji yenye asidi yakiingia ghafla. Hapo utakuta maji yanayotoka yana metali nyingi kuliko yanayoingia. Chukua sampuli katikati ya mnara, si mwishoni tu, ili uone mpaka wa metali unavyosogea kabla haujafika kwenye koki.

Dalili ya tatu: maji hayatulii, yanabaki kama chai ya maziwa

Chembe za udongo wenye sodiamu zikiwa kwenye maji yasiyo na chumvi nyingi husukumana na kuelea siku nzima au zaidi. Zikielea, metali imeelea nazo, na kumwaga maji hayo ni kumwaga sumu iliyobebwa na vumbi.

Jaribu kwanza muda: acha chupa moja saa 24. Ikianza kusafika juu, tatizo lako ni tangi dogo. Isiposafika, tia kalisi kidogo, mfano maji ya chokaa yaliyochujwa, kwa kuwa kalisi hukusanya chembe ziwe mabonge yanayozama. Shabu hufanya kazi vizuri zaidi, ila hushusha pH, na pH ikishuka metali iliyoshikwa inaweza kuachiliwa. Pima pH baada ya shabu, usipime kabla tu. Unga wa mbegu za mlonge zilizomenywa nao hukusanya chembe bila kugusa sana pH, na vijiji vingi vinaujua kwa maji ya mto. Kasoro yake ni kwamba huacha mabaki ya mmea, kwa hiyo maji hayo huanza kunuka yakikaa zaidi ya siku moja au mbili. Kwa vyovyote vile, kiasi hutafutwa kwa chupa sita zile zile. Kuzidisha dawa ya kukusanya hurudisha uchafu ule ule.

Sababu isiyosemwa mara nyingi ni udongo ambao haukuchekechwa wala kuoshwa. Wafinyanzi wanajua kuloweka, kukoroga, kuacha mchanga uzame, kisha kumimina ujiuji wa juu. Fanya hivyo hivyo. Mabaki ya mizizi na majani kwenye udongo wa mbuga hutoa rangi ya kahawia ambayo hakuna shabu itakayoimaliza kwa bei nafuu.

Dalili ya nne: kichujio kimeziba

Hapa nisizungushe maneno. Usijaze bentonaiti mbichi kwenye pipa ukitegemea maji yapite. Bentonaiti ndiyo hutandazwa chini ya madampo na mabwawa ili maji yasipite, na hata ikichanganywa na mchanga kwa sehemu 5 au 10 katika 100 bado huzuia. Pipa lako linafanya kazi iliyo asili yake.

Una njia mbili. Ya kwanza, ambayo naipendekeza kwa karakana ndogo, ni kuacha kichujio na kukoroga udongo ndani ya tangi, kisha kutulia na kumimina. Ya pili ni kufinyanga punje ndogo, kukausha kivulini, na kuzichoma. Zikichomwa kidogo, hubomoka majini. Zikichomwa kama tofali, huwa ngumu lakini nafasi za kushika metali zimeungua. Laza punje chache kwenye maji siku moja. Zikibaki nzima ukizibonyeza kwa kidole, moto umetosha, usiongeze.

Kama punje ni nzuri na bado pipa linaziba, chanzo ni mafuta, nyama na nywele za ngozi, au tope la chokaa kutoka hatua iliyotangulia. Weka wavu na tangi la kutulizia mbele. Mshinikizo ukipanda, usilazimishe kwa pampu kubwa. Pipa la plastiki hupasuka na kumrukia mtu.

Dalili ya tano: majibu ya maabara hayaeleweki

Maji yaliyosafishwa yana risasi nyingi kuliko machafu. Au wiki hii 0.05, wiki ijayo 4, na hakuna kilichobadilika kiwandani.

Kosa la kawaida ni sampuli yenye chembe za udongo. Maabara hutia asidi ya naitriki, asidi hiyo huvua metali kutoka kwenye udongo, na mashine inahesabu yote kama imo majini. Omba vipimo viwili: metali iliyoyeyuka, baada ya kuchujwa kwa karatasi ya maikromita 0.45, na metali yote kwa jumla. Ikiwa iliyoyeyuka ni ndogo na jumla ni kubwa, udongo umefanya kazi yake na kilichoshindwa ni kutuliza. Rudi dalili ya tatu. Kumbuka tu kwamba mkaguzi wa mazingira anaweza kupima jumla, na jumla ndiyo inayofika mtoni.

Kosa jingine ni chupa. Sampuli iliyokaa siku mbili bila asidi hupoteza metali kwenye kuta za plastiki na kuonekana safi. Kwa metali iliyoyeyuka, chuja, kisha tia asidi mpaka pH iwe chini ya 2, kwa mpangilio huo; sampuli ya jumla itie asidi bila kuichuja. Chupa na asidi ziombe maabara yenyewe. Tanzania unaweza kwenda Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Usitumie chupa ya soda.

Kosa la nadra lakini la kutisha ni udongo wenyewe kuwa na metali. Udongo uliochimbwa karibu na machimbo ya dhahabu au kando ya barabara kuu unaweza kuja na zebaki, aseniki au risasi yake. Koroga gramu 10 kwenye lita moja ya maji safi yenye pH sawa na ya tangi lako, uyapime kama sampuli ya kawaida. Fanya hivyo mara moja kwa kila shimo la udongo.

Dalili ya sita: harufu, kizunguzungu, macho kuwasha

Hapa hakuna hatua ya kwanza wala ya pili. SIMAMA, ondoka, wapeleke watu wote upande ule ambako upepo unatoka.

Kwenye kiwanda cha ngozi, maji ya kunyonyoa nywele yana chokaa na sodiamu salfaidi. Yakikutana na maji ya kromi yenye pH 3.5 hadi 4, au na asidi yoyote, hutoa haidrojeni salfaidi. Mwanzoni inanuka mayai viza. Ikizidi, pua hufa ganzi na harufu hupotea, na watu hudhani hatari imepita. Sivyo, wakati huo ndipo gesi inaweza kuwa imezidi zaidi. Wengi waliokufa kwenye mashimo ya maji taka walimfuata mwenzao aliyeanguka. Usiingie kumwokoa bila kifaa cha kupumulia. Piga simu zimamoto.

Karakana za kuchovya zina hatari nyingine: sianidi. Maji yenye sianidi yakitiwa asidi hutoa gesi inayoua kwa dakika chache, na si kila pua inaisikia harufu yake. Kama beseni lako, au la jirani anayetumia mfereji mmoja na wewe, lina sianidi, usiguse pH ya tangi hilo kabisa kabla mtaalamu hajaivunja sianidi.

Tenga mabomba. Maji ya chokaa na salfaidi yawe na njia yake, maji ya kromi na njia yake, maji ya sianidi na njia yake, kila moja na rangi ya bomba inayojulikana hata kwa kibarua wa siku ya kwanza. Mabomba tofauti yanagharimu. Nimeona watu wakisita kwa sababu ya gharama hiyo, na nawasihi wasisite.

Dalili ya saba: tope lililotumika linarundikana nyuma ya kiwanda

Udongo hauangamizi metali. Umeihamisha kutoka kwenye maji na kuifanya ikae kwenye tope, na kama tope hilo halina pa kwenda, kazi yote uliyofanya imehamishia sumu uani. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walioishi kando ya kiwanda cha kuyeyusha betri, walipambana miaka mingi na risasi iliyoingia kwenye damu za watoto wao. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Hakuna kiwanda kidogo kinachoweza kubeba deni la namna hiyo, na hakuna mtoto anayerudishiwa akili yake kwa fedha.

Maswali yanayoulizwa mara kwa mara ni haya. Je, tunaweza kufyatua tofali? Kwa tope la kromi, hapana. Kromi ya aina ya tatu ikichomwa pamoja na chokaa kwenye hewa inaweza kugeuka kuwa ya aina ya sita, ile ya saratani, na moshi wa tanuri na maji ya mvua vitaisambaza. Tope la risasi nalo hutoa mvuke wa risasi kwenye tanuri. Je, tumwage shambani, maana ni udongo tu? Hapana, kadimi hupanda kwenye mboga za majani bila mmea kuonyesha ugonjwa wowote.

Na kuna jambo ambalo sijaliona likiandikwa kwenye maelekezo ya kiwanda chochote. Kwetu wajawazito hula udongo: pemba, odowa, huuzwa sokoni kwa vipande vya kuvutia. Udongo wa kiwanda, mpya au uliotumika, ukiibwa au kutupwa, unaweza kuishia mezani kwa muuzaji asiyejua ulikotoka. Usikaushe tope kwenye vipande vinavyoonekana safi. Usiuache wazi. Weka uzio.

Kinachotakiwa kufanywa: kamua tope mpaka likauke kiasi cha kutomwagika, pH yake ibaki kati ya 7 na 9 kwa chokaa kidogo, litie kwenye mapipa yenye mfuniko, juu ya sakafu ya zege yenye ukingo na paa. Mvua isiliguse, mvua yenye asidi au maji ya kiwanda yakilipitia, metali huanza kuvuja. Andika kwenye kila pipa jina la metali, tarehe, uzito na neno SUMU kwa herufi zinazosomeka kwa mbali. Kisha wasiliana na mamlaka ya mazingira, NEMC Tanzania Bara, ZEMA Zanzibar, NEMA Kenya na Uganda, wakupe orodha ya wasafirishaji wenye leseni ya taka hatarishi, na uwaombe maabara wafanye jaribio la kuvuja kwa metali kabla ya gari kuja. Hati ya safari ya kila pipa itunze wewe mwenyewe. Kama dereva hana hati, mapipa yasipakiwe.